Mifuko ya UTT AMIS kwa mzazi anayetaka kuacha kazi mapema: ninavyoiona baada ya kuitumia

Nianze na jibu kabisa kwa wale wasiopenda kusoma mpaka chini. Kama una watoto wanasoma na bado unawaza kuacha ajira ukiwa na 50 hivi, mifuko ya UTT AMIS (kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja) ni kitu kizuri, mi naipa nyota nne kati ya tano, ila peke yake haikustaafishi, na lile swali ambalo kila mtu anaanza nalo, eti "wanatoa asilimia ngapi", ndo la mwisho kuuliza. La kwanza uliza Januari itakuwaje. Mzazi wa Kibongo kalenda yake ni Januari, na sehemu yoyote ya kuwekea akiba ambayo Januari ikifika inakufungia mlango kabisa, au inakuachia ubomoe mpaka msingi, hiyo haijatengenezwa kwa mtu mwenye familia.

Mazingira yangu yako hivi ili ujue naongelea wapi. Nipo Morogoro mjini, fundi umeme kiwandani, sekta binafsi, umri naelekea 42. Mama watoto ni mwalimu wa shule ya msingi, serikalini. Watoto watatu, mkubwa ndo kaanza kidato cha kwanza bweni, wa kati darasa la nne, wa mwisho chekechea. Mpango ni mi niache kiwanda nikiwa na 50, sio kwenda kukaa barazani kucheza bao, nina ekari zangu kidogo huko Mvomero na kazi za kutandaza waya mtaani hazikosekani, ninachotaka ni kuacha kuamka saa kumi alfajiri kuwahi shifti ya mtu. Mama watoto yeye ataendelea kufundisha, na hilo nitalirudia maana lina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Sasa kwanini nisitegemee NSSF tu, yaani mfuko wetu wa pensheni? Kwa sababu NSSF haijui habari za 50. Kustaafu kwa hiari ni 55, kwa lazima 60, na uwe umechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Nikiondoka na 50 miezi ninayo ila umri sina, kwa hiyo kuna miaka mitano hapo katikati ambayo ni ya kwangu mwenyewe, hakuna wa kunilipa. Fao la kukosa ajira lipo, ila ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita na limewekwa kwa aliyeachishwa kazi, sio kwa aliyeandika barua mwenyewe akaaga. Na hata 55 ikifika, mkupuo (hela unayopewa mara moja) kwa sisi wa NSSF ni asilimia 35 baada ya yale marekebisho yaliyotangazwa kwenye bajeti ya Juni 2024, iliyobaki inakuja kidogo kidogo kila mwezi. Sio mbaya, ila hiyo ni hela ya mzee, sio ya mtu wa 50 mwenye mtoto wa mwisho sekondari.

Ndo nikaingia UTT, nilikuwa na 35 wakati huo.

Kwa asiyejua, UTT sio benki wala sio kikoba. Ni kampuni ya serikali inayokusanya hela za watu wengi inaziweka kwenye bondi za serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba), amana za benki na hisa za makampuni yaliyo soko la hisa la Dar es Salaam, na we unamiliki vipande. Kipande kina bei, bei inapanda (kuna siku inashuka kidogo kwenye mifuko yenye hisa), ukitaka hela yako unauza vipande kwa bei ya siku hiyo. Bei zinatangazwa kila siku ya kazi, unaziona kwenye tovuti yao, huhitaji kumuuliza mtu. Mfuko wa Umoja ndo mkongwe, ulianza 2005, na kampuni kwa jina hili la UTT AMIS ipo tangu 2013. Msimamizi ni CMSA, mamlaka ya serikali ya masoko ya mitaji, na hela zenyewe zinakaa kwa benki mtunzaji, sio kwenye droo ya meneja. Hili la mtunzaji watu wanaliruka wakati ndo la msingi, hasa nchi ambayo wazazi wetu walilizwa na ule upatu wa DECI mwaka 2009, walipanda mbegu wakasubiri mavuno mpaka leo. Ukiambiwa sehemu ya kuweka hela, kabla ya asilimia uliza nani anaisimamia na nani anashika hela, ukiona mtu anaanza kung'aka hapo ondoka.

Mifuko iko kadhaa na hapa ndo wengi wanachanganya, wanasema tu "nimeweka UTT" kama vile ni ndoo moja. Mi natumia mitatu. Umoja ndo hela ya 50, hiyo siigusi, ina ruhusa ya kuweka mpaka nusu kwenye hisa kwa hiyo inapanda vizuri kwa muda mrefu ila inaweza kuyumba, na ukiuza wanakata asilimia 1. Ukwasi ndo hela ya Januari na ya dharura, kuanza ni laki moja, kuongeza hata elfu kumi, haikatwi chochote ukitoa na hela inakuja ndani ya siku tatu za kazi. Halafu Mfuko wa Watoto, huu unafunguliwa kwa jina la mtoto, mzazi unasimamia, kuna mpango wa karo na mpango wa kukuza mtaji, ule wa karo unaanza kuruhusu kutoa mtoto akifika miaka 12 na ule wa kukuza ni mpaka 18. Mkubwa wangu yupo wa karo, wadogo wake wapo wa kukuza. Upo pia Mfuko wa Hatifungani (yaani wa bondi) ulioanza 2019, huo ndo nitakaohamia nikikaribia 50 maana ndo una gawio la kila mwezi, na upo Wekeza Maisha wa miaka 10 wenye bima ya maisha ndani yake, na Jikimu.

Utaratibu wangu hauna ujanja wowote. Mshahara ukiingia, kabla sijanunua hata vocha, laki mbili inatoka kwa simu, laki na ishirini Umoja, elfu hamsini Ukwasi, elfu thelathini za watoto. Kinachobaki ndo mshahara. Kuna watu wanasema wataweka kinachobaki mwisho wa mwezi, jamani mwisho wa mwezi hakibaki kitu, kuna mchango wa harusi, kuna msiba, kuna mtoto wa shangazi kakwama stendi Msamvu hana nauli.

Sasa tuje Januari yenyewe, maana hapa ndo nimeijua thamani ya Ukwasi. Mtoto kapangiwa bweni, karatasi ya kujiunga imekuja, unaisoma na kalamu mkononi: godoro la futi mbili na nusu, trunka na kufuli zake mbili, shuka jozi mbili za rangi ya shule, ndoo mbili zenye mfuniko, reki, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, kaunta buku kwa idadi ya masomo, viatu vyeusi vya kamba, sweta, sare mbili na ya michezo, sahani, kikombe, na chini kabisa kwa herufi ndogo kuna mchango huu na mchango ule. Na hii ni shule ya serikali ambayo ada haipo, sekondari mpaka kidato cha nne haina ada tangu 2016 na cha tano na sita wakaongezwa 2022. Ada haipo kweli, ila godoro lipo. Wakati huohuo wa darasa la nne anataka madaftari na hela ya masomo ya ziada, na mwenye duka la sare anajua kabisa ni Januari, bei ya Novemba ameisahau.

Zamani hapa ndo ilikuwa mwisho wa akiba yote. Ama unaenda kwa wale kausha damu, ama unavunja chochote ulichonacho. Sasa hivi tarehe za mwisho wa Desemba naandika kutoa Ukwasi, siku tatu za kazi (hesabu sikukuu, Krismasi na mwaka mpya sio siku za kazi, wengi wanasahau hapo wanaanza kulaumu), hela ipo, tunafanya manunuzi, na Umoja haijaguswa. Hicho ndo ninachokipenda kuliko kitu kingine chochote kwenye hii huduma, kwamba unaweza kutenganisha hela ya Januari na hela ya 50 chini ya kampuni moja, namba moja ya mwekezaji, bila kufungua akaunti benki tatu zenye makato ya kila mwezi. Na ile asilimia 1 ya Umoja pamoja na kwamba hela yake haitoki haraka kama ya Ukwasi, wengine wanaona kero, mi naona ni breki. Ukijua ukitoa utakatwa na utasubiri, unajifikiria mara mbili kama kweli hiyo pikipiki ni ya lazima.

Niseme la pembeni hapa kidogo. Ukitaka kujua kama mtu ataacha kazi mapema au la, usimuulize anaweka wapi hela, muulize watoto wanasoma wapi. Inglishi midiamu ya kawaida hapa mjini kwetu ni milioni 2 na nusu kwa mtoto kwa mwaka, basi la shule bado, chakula bado. Watoto watatu ni milioni 7 na nusu, yaani zaidi ya laki sita kila mwezi kwa miaka saba ya msingi. Sisi tuliamua shule ya serikali kwa sababu mama yao ni mwalimu na anajua ipi inafundisha na ipi inapiga porojo, na jioni anakaa nao mezani. Sisemi wanaopeleka inglishi midiamu wanakosea, kila mtu na malengo yake, nasema tu hakuna mfuko wowote duniani utakaofidia laki sita kwa mwezi kwa mshahara wa fundi.

Haya, hesabu. Tuchukue laki mbili kwa mwezi, zote ziende sehemu moja, mapato asilimia 12 kwa mwaka, maana miaka ya karibuni ile mifuko ya bondi imekuwa ikicheza maeneo hayo. Miaka 15, miezi 180, we mwenyewe utakuwa umetoa mfukoni milioni 36. Kwenye karatasi inakuja karibu milioni 100. Rudia kusoma hapo, 36 kuwa 100. Hiyo ndo faida ya riba kuzaa riba, na haina uchawi, inataka muda tu. Ikiwa mapato ni asilimia 10 badala ya 12, inakuja milioni 83 hivi. Na ukiwa ni mtu wa kuruka miezi miwili kila mwaka kwa sababu ya Januari na Februari, hata kwa 12 unaishia hapohapo kwenye 83. Umeona? Kuruka miezi miwili kila mwaka kunakuumiza sawa na asilimia kushuka kwa mbili, ila watu watabishana usiku kucha mfuko gani unazidi mwingine kwa nusu asilimia na hakuna anayeongelea miezi aliyoruka.

Sasa milioni 100 ukiiweka Hatifungani kwa gawio la kila mwezi, kwa 12 ni milioni moja kwa mwezi. Hapo ndo watu wanashangilia na kufunga kalkuleta. Subirini kwanza. Milioni moja ya miaka 15 ijayo sio ya leo. Bei zikipanda kwa asilimia 3 na nusu tu kwa mwaka, ambayo kwa nchi yetu ni mwendo wa utulivu kabisa, hiyo milioni itanunua vitu vya kama laki sita za leo. Na ukila gawio lote kila mwezi mtaji unabaki milioni 100 ileile huku sukari inapanda, ukifika 60 unapokea milioni moja ileile ila inanunua vitu vichache zaidi. Kwa hiyo mi hesabu yangu nachukulia nitakula asilimia 8 na 4 inabaki ndani kukuza mtaji, ambapo milioni 100 inanipa kama laki sita na elfu sitini kwa mwezi, na hela hiyo inapanda kidogo kila mwaka. Sio utajiri. Ni umeme, maji, unga, mafuta ya kula na nauli za watoto, shamba na waya zinajaza pengine.

Na hiyo 12 hakuna aliyekuahidi. Hili liandike ukutani. UTT hawatoi dhamana ya mapato na wanakwambia wazi, bei ya kipande inafuata kilichopo sokoni. Mwaka 2022 Benki Kuu ilipunguza riba za bondi, ile ya miaka 25 ikatoka 15.95 kwenda 12.56, ya miaka 20 kutoka 15.49 kwenda 12.10. Mfuko unaonunua bondi hauwezi kukupa kilichoondolewa kwenye bondi. Tena hapa kuna jamaa watakwambia kwanini usinunue bondi mwenyewe moja kwa moja Benki Kuu, mtaji wa kuanzia ni milioni moja, riba inalipwa kila miezi sita na bondi hizo ndefu riba yake haikatwi kodi. Wana hoja, na ukiwa na milioni 10 imekaa tu hiyo ni njia safi. Ila mi sina milioni 10 iliyokaa tu, mi nina laki na ishirini kila mwezi, na bondi haipokei laki na ishirini. Na ukipata shida katikati inabidi umtafute wa kuiuzia sokoni, bei ya siku hiyo ni bahati yako.

Baba mdogo yeye hataki kusikia habari za vipande kabisa. Alikuja nyumbani, baada ya shikamoo na chai akaniuliza hela unapeleka wapi, nikamwonyesha taarifa ya Umoja kwenye simu, akaiangalia, akavua miwani. "Mwanangu, karatasi haipangishwi." Anavyoona yeye jenga vyumba sita pale Kihonda, pangisha, kaa utulie. Sikumbishia kwa sababu ni baba, ila usiku nilikaa nikapiga hesabu yake kwa heshima zote. Vyumba sita vya kawaida, choo cha nje, kiwanja tayari unacho, tuseme inakula milioni 30 mpaka mtu anaingia. Chumba elfu hamsini, sita ni laki tatu kwa mwezi, milioni 3.6 kwa mwaka. Ni asilimia 12! Ileile ya mfuko. Toa miezi ambayo chumba kiko wazi, toa dalali, toa kupaka rangi, toa shimo la choo likijaa mwezi ambao wapangaji wawili wamegoma kulipa, toa na kodi ya asilimia 10 ya pango. Upande wake nao una faida, kiwanja Kihonda kinapanda bei na kodi ya chumba unaiongeza, wakati gawio likishuka huna la kufanya. So mi sioni kama ni ugomvi. Ila vyumba vinataka milioni 30 kwanza, na watu wengi wanaotaka kujenga bila mfuko wowote wanaishia na boma lenye nyasi ndani kwa miaka kumi, mtaani kwetu yapo, yamesimama na mbuzi wanalala humo.

Nilinganishe pia na ile inayoitwa bima ya elimu. Kampuni siitaji. Wakala alikuja ofisi ya walimu shuleni kwa mama watoto, suti safi, kalamu anagawa bure, walimu wakasaini makato ya mshahara kwa ajili ya chuo cha watoto. Baada ya miaka mitatu mambo yakabana mama watoto akataka kusitisha, akapewa hesabu ya kuvunja mkataba, kiasi kilikuwa pungufu ya alichochangia. Sio kwamba wameiba, mkataba ndo ulivyo, miaka ya mwanzo hela nyingi inaenda kwenye gharama za bima yenyewe na kamisheni ya wakala, ila huyo wakala mwenye suti hilo hakulisema hata kidogo. Kwenye Mfuko wa Watoto ukikwama unaacha tu kuongeza, vipande ulivyonunua vinabaki vinakua, hakuna faini ya kusimama. Kwa familia yenye kipato cha kupanda na kushuka hiyo ni tofauti kubwa sana. Upande wa pili bima inalipa mzazi akifariki na Mfuko wa Watoto hauna hicho kitu, kwa hiyo kama we ndo unayetegemewa peke yako nyumbani angalia Wekeza Maisha au tafuta bima ya maisha ya kawaida pembeni, usichanganye vitu viwili kwenye mkataba mmoja usiouelewa.

Yale ambayo mfuko wowote haufanyi, na ndo yanaangusha mipango ya kuacha kazi mapema. Matibabu kwanza. Kadi ya NHIF, yaani bima ya afya ya taifa, inakuja na ajira, asilimia 6 ya mshahara mwajiri na mwajiriwa wanagawana, inabeba wewe, mwenza na wategemezi wanne. Ukiondoka kazini na 50 kadi inaondoka na kazi. Ndo maana nilisema mama watoto kuendelea kufundisha lina uzito, kwenye kadi yake mi nakaa kama mwenza na watoto wanakaa kama wategemezi mpaka hapo yeye atakapostaafu. Tungekuwa wote wawili sekta binafsi na wote tunataka kuacha kwa pamoja, ile hesabu ya laki sita na sitini ingevunjika wiki ya kwanza mtoto akilazwa. Kwa hiyo mnapopanga, panga nani anaondoka kwanza na nani anabaki ameshika kadi, hayo ni maongezi ya chumbani sio ya ofisini UTT.

Kasoro zao sasa, maana nyota moja nimeizuia. Gawio la kila mwezi la Hatifungani linataka uanze na milioni 10, la kila miezi sita milioni 5, chini ya hapo unaingia mpango wa kukuza tu, ambao unaanzia elfu hamsini. Naelewa kwanini, kugawa elfu nane nane kwa watu laki nyingi ni gharama, ila mjane mwenye milioni 4 ndo anayehitaji gawio la mwezi kuliko mimi. La pili majina ya mifuko na masharti yake yamefanana mno, mtu mgeni akisoma Ukwasi, Jikimu, Hatifungani hajui kipi kwa ajili ya nini, na mtaani watu wanashauriana kwa jina la UTT tu, matokeo yake unakuta mtu kaweka hela ya karo ya mwezi ujao kwenye Umoja analalamika kukatwa. La tatu Ukwasi ni rahisi mno kutoa. Nimeisifu hapo juu kwa hilohilo, najua, ila kama huna nidhamu itageuka akaunti ya bia.

La nne sio kasoro yao ila nalisema kwa sababu hakuna anayelisema. Akaunti ikiwa ya jina lako peke yako na ukafariki, familia itaenda mahakamani kufungua mirathi kama mali nyingine yoyote, miezi inapita huku karo inadaiwa. Sisi Ukwasi tumeifungua kwa pamoja mimi na mama watoto, na namba zote za uwekezaji zimeandikwa kwenye daftari ambalo mkubwa wetu anajua liko wapi. Mwenzangu mmoja kiwandani aliniambia mkewe hajui kama ana vipande. Nikamuuliza unamficha mke au unamficha nani, akacheka, ila hajamwambia mpaka leo.

Ushindani umekuja na ni jambo zuri, Faida Fund ya Watumishi Housing ipo, kuna na kampuni binafsi zenye mifuko iliyosajiliwa CMSA, unaanza na elfu kumi tu sehemu nyingine. Kwa sasa nimeanza kuonja mmoja kwa hela ndogo, sio kwa sababu UTT imeniudhi, ila sitaki hela yote ya 50 iwe chini ya paa moja, na UTT yenyewe ishakuwa kubwa, mwaka 2024 jumla ya mifuko yake ilivuka trilioni 2.

Kwa hesabu ya kalamu, kama laki mbili zote zingekuwa zinaenda Umoja tangu nianze, mpaka sasa ningekuwa na milioni 26 hivi. Sinazo zote, Ukwasi inaliwa kila Januari na ndo kazi yake. Kwa mwendo huu mama watoto anasema nitaondoka na 53 sio 50, yeye ndo mwenye daftari kwa hiyo sibishi sana, ila mwakani wa kati akimaliza la tano na mkopo wa pikipiki ukiisha kuna elfu themanini inaachiwa kila mwezi na nimeshamwambia yote inaenda Umoja. Amesema ataamini akiona meseji ya kwanza. Jikimu sijaigusa kwa hiyo siwezi kuisemea, mwenye uzoefu nayo atuambie gawio la robo mwaka linaingia kwa wakati au la.